Nyayo Zisizo na Hina

Adhuhuri ile mji wa Sib, pembeni mwa Maskati, ulikuwa kimya kama uliolala. Bi Kawthar alikuwa ameketi ukumbini, nyayo zake zimepakwa hina mbichi ya kupoza joto. Alikuwa akiota macho wazi: harusi ya mjukuu wake Shahad, naye bibi anacheza mbele ya wanawake wote.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa mtu wasiyemjua, shati limelowa jasho. Gari lake lilikuwa limezimika kwa joto, akaomba maji tu. Lakini nyumba ile mgeni hanywi maji mlangoni. Rahila, bintiye Bi Kawthar, akamkaribisha ndani kwa kahawa na halua.

Aliitwa Daktari Shafiqul, Mbangladeshi. Kwa Kiarabu alichojifunza hapa Maskati, alisimulia kisiwa cha mchanga alikozaliwa, katikati ya mto mpana, ambako kila mafuriko nyumba huhama. Baba yake alichomwa na mwiba mguuni. Alikuwa na kisukari, hakuuhisi. Hospitali ilikuwa mbali, na mguu ukakatwa. Ndiyo maana mtoto akasomea udaktari. Ametibu watu miaka mingi katika mtaa wa jirani, Mabela. Sasa alikuwa anarudi kwao kugombea ubunge.

"Umechoka na sindano, wataka kiti?" Bi Kawthar akamtania.

Daktari akacheka. "Mama, nikitibu kidonda kimoja, vinakuja kumi. Mbunge anaweza kudai zahanati."

Bi Kawthar akaiona zahanati hiyo, nyeupe, inaelea juu ya mto. Moyo ukamwia mwepesi. Akasema hata yeye siku hizi anaelea. "Nnatembea kama nnakanyaga pamba."

Daktari akaweka kikombe chini. Akamuuliza kama ana sukari. Anayo. Akaomba hina ioshwe. Kisiginoni palikuwa na kidonda kibichi. Rahila akaziba mdomo. Mama yake hakuwa amehisi chochote.

"Hiyo si pamba, mama," daktari akasema. "Sukari imeua hisia za miguu."

Akawaeleza polepole. Kila siku atazame nyayo, kwa kioo kama hawezi kuinama. Aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, na akaushe hata katikati ya vidole. Asitembee peku, hata ndani. Akiona kidonda, aende hospitali siku ile ile, asingoje maumivu.

"Na hina?"

"Inaficha rangi ya ngozi. Usipake nyayoni mpaka upone kabisa."

"Harusi ya Shahad i karibu."

"Wataka hina au mguu?"

Bi Kawthar akakitazama kidonda. Kisha akasema, "Nnakuahidi. Na wewe ukishinda, usiisahau zahanati."

Siku hiyo hiyo Rahila akampeleka hospitali. Kidonda kikaanza kufunga, taratibu.

Wiki ya harusi simu ikaleta habari: daktari ameshinda. Alituma picha ya mashua pana inayopakwa rangi nyeupe. Zahanati itawafuata watu majini.

Siku ya hina wanawake walijaa nyumbani. Wifi yake akaziona nyayo zake tupu. "Kawthar, umefiwa?"

Wakacheka. Neno hilo likamchoma. Shahad akaja na bakuli, akapiga magoti.

"Nukta moja tu, bibi. Kwa ajili yangu."

Machozi yakimlenga, Bi Kawthar akamtazama bibi harusi. Muuguzi wa hospitali alikuwa amesema kidonda bado kidogo kipone.

"Nimeahidi, mwanangu. Nnataka niwapokee watoto wako nimesimama."

Akampa viganja vipakwe. Nyayo akaziacha nyeupe. Ngoma ilipolia, akacheza akiwa ameketi, kwa mabega.