Sauti Kifuani mwa Bibi wa Ntobeye

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, nilikuwa mhudumu kwenye gari la wagonjwa. Jioni moja, jua likizama, dereva wangu Pancras alinijia mbio.

"Dada Deodata, kuna bibi huko Ntobeye amebanwa pumzi. Twende."

Sikuuliza. Pancras alikuwa kama kaka yangu. Siku zile nilikuwa nikikesha kwake kumuuguza binti yake, Nice, ambaye homa ilikataa kushuka. Nikabeba mkoba wangu wa kazi: glavu, bandeji, mashine ya presha. Stetoskopu shingoni.

Nyumba ilikuwa peke yake, nyuma ya migomba. Pancras alibaki garini. Hakuzima injini.

Ndani palinuka maziwa yaliyochacha... na udongo mbichi. Bibi alikuwa amelala mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Deodata."

Nani alimwambia jina langu?

Nikavaa glavu. Nikamfunga mashine ya presha mkononi, nikapampu. Nikapampu tena. Haikusoma kitu. Nikaweka stetoskopu kifuani pake, nisikilize moyo.

Hapakuwa na moyo.

Palikuwa na mtu anaongea. Mbali, kama yuko ndani ya kisima. Nikabana pumzi nimsikie vizuri.

"Mchukueni huyu," sauti ilinong'ona. "Mniachie Nice wangu."

Ilikuwa sauti ya Pancras.

Bibi akatabasamu. Akanidaka mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikavu, na vilizidi kubana... Nje, injini ikanguruma. Gari likaondoka.

"Pancras!"

Nikajivuta kwa nguvu zangu zote. Glavu ikachomoka, ikabaki mkononi mwake. Nilikimbia, mkoba nikauacha hukohuko, hadi barabarani, ambako lori la chakula cha wakimbizi liliniokota.

Asubuhi nilimkuta Pancras mlangoni kwake. Aliponiona, akakaa chini.

"Kwa nini mimi, kaka? Mimi niliyekesha na mwanao?"

Hakuniangalia.

"Walitaka mtu anayeniamini."

Nilitaka kumpiga. Mikono ikakataa. Kutoka ndani nilimsikia Nice akicheka na mama yake, akiomba aongezewe uji. Mzima kabisa.

Pancras akanishika gauni.

"Umetokaje kule, dada?" alinong'ona. "Sasa watamchukua nani?"

Ndani, kicheko kikakatika.