Mbuzi wa Ngaremara

Mwisho wa mwezi Posta ya Isiolo hujaa watu kama siku ya mnada. Ijumaa hiyo ya mwaka themanini na tano, walimu, askari na wazee wa pensheni walikuwa wakisukumana pale kaunta, na katikati yao kijana mrefu wa Kisomali, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali pana miguuni, alikuwa akigonga mbao kwa kiganja.

"Salaam aleikum! Nimengoja Nairobi tangu asubuhi. Hiyo opareta yenu amelala?"

Mlango wa chumba cha simu ukafunguka. Akatoka msichana wa Kiturkana mwenye shingo ndefu, gauni la kijani, na shanga nyekundu zilizochungulia chini ya kola.

"Opareta ndiye mimi, na sijalala. Laini ya Nairobi ni moja na DC anaongea. Niende nimnyang'anye?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akameza mate, ubishi wote ukamwisha.

"Basi dada, mimi naitwa Kulmiye. Naweza kungoja hata mpaka kesho."

"Ngojea nje. Hapa unazibia watu hewa."

Ndivyo walivyoanza, kwa ugomvi, na nyota zao zikapatana. Kulmiye alikuwa karani katika ofisi ya elimu, na kuanzia siku hiyo ofisi ya elimu ikawa na shughuli nyingi sana za simu.

"Namba tafadhali?"

"Nipe yule opareta mrembo."

"Hayuko. Ameolewa."

"Wallahi nitalia hapa hapa mezani."

"Lia haraka, malipo ni kwa dakika."

Jioni moja, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia hotelini, msichana, jina lake Nakuam, alimfungulia moyo. Alitaka kusoma historia chuo kikuu. Alifika kidato cha sita katika shule ambayo mwalimu wa historia alihamishwa na hakuletwa mwingine, na kabati ya vitabu ikaachiwa mchwa. Akaingia mtihani kwa kubahatisha, akakosa chuo kwa alama chache. Watoto wa Nairobi walifanya mtihani huo huo, nao walikuwa na walimu, na maktaba, na umeme wa kusomea. Halafu mtu na akili zake anakuambia mtihani haupendelei mtu! Nakuam akikumbuka hilo alitamani kurusha kikombe ukutani.

"Kuna mpango mpya," Kulmiye akasema. "Mwaka mmoja wa matayarisho huko huko chuoni, kwa watu wa sehemu kama hizi zetu. Ukifaulu unaingia digrii. Historia, fasihi, ile unataka. Isiolo tumepewa nafasi moja. Wakubwa wa chuo watakuja wenyewe kuchagua, na mimi ndiye nitawaeleza habari za kila mtu."

"Kulmiye, usinichezee."

"Mpenzi, niachie mimi."

Laiti asingemwachia.

Siku ya wakubwa ukumbi ulijaa pomoni. Mama yake Nakuam alikuja kutoka mtaa wa Bula Pesa amejipaka mafuta, shanga zimepanda mpaka kidevuni, akaketi mbele. Kando yake aliketi mzee Lokorio, rafiki yake wa tangu zamani, aliyetoka kijiji cha Ngaremara kuja kumwona binti akichaguliwa. Mwenyekiti wa wageni, Daktari Rimberia, alivaa suti ya bluu na miwani ya dhahabu. Kulmiye akasimama.

"Huyu ni Gladys Nakuam. Waheshimiwa, hali yao inasikitisha. Wanalala njaa. Ukame umewamaliza, hawana hata mbuzi moja. Hawana kitu, hawana mtu."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Mama akainamisha uso. Mzee Lokorio akachukua kigoda chake, akatoka nje bila kumuaga mtu yeyote.

Ni nani Isiolo asiyejua mambo haya? Mfugaji haweki mali yake yote boma moja. Humpa rafiki huyu mbuzi wachache amtunzie, na yule wachache, nao wakaweka wa kwao kwake, ili ukame ukija usimalize wote. Mbuzi wa mama Nakuam walikuwa kwa Lokorio, Ngaremara. Kusema hana hata mmoja mbele ya anayemtunzia ni kusema hana rafiki duniani, au rafiki ni mwizi. Na Kulmiye alilijua hilo, maana hata Wasomali huwekeana ngamia. Alijua, akasema!

"Uongo!" Nakuam alikuwa amesimama. "Mbuzi wako. Na watu tunao!"

"Binti," Daktari akasema, "kama mna mifugo, nafasi hii si yako. Hii ni ya maskini."

"Ni ya mtu aliyesoma bila mwalimu na bila vitabu, na huyo ni mimi. Niulizeni habari ya vitabu. Mnataka nini kwa sufuria ya mama yangu?"

Wageni wakanong'onezana, wakasema watafikiria, wakaita jina lingine.

Kulmiye alimfuata nje mbio. "Nakuam, hawa watu wanapenda machozi! Nilitaka wakuchukue!"

"Ungewaambia habari ya yule mwalimu aliyehamishwa! Lakini hapo ungegusa ofisi yako. Ukaona afadhali umvue mama yangu nguo mbele ya watu."

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Basi nenda katafute mwombaji umpende."

Kulmiye akapiga simu kesho yake, na kesho kutwa. "Namba tafadhali?" "Nakuam, nisikilize..." Waya ulichomolewa kabla hajamaliza. Usiku msichana alilia kwa hasira, na alilia pia kwa sababu alimpenda, na hilo likamzidishia hasira.

Wiki iliyofuata simu ikaingia kutoka Nairobi, ikitaka ofisi ya elimu. Nakuam aliitambua sauti ya Daktari Rimberia. Akamuunganisha. Sheria ya kazi ilisema opareta akishaunganisha aondoke kwenye laini. Hakuondoka.

"Bwana Kulmiye, yule msichana ana akili kuliko wote tuliowaona. Lakini wenzangu hawatapitisha mtu mwenye mifugo. Wewe nithibitishie tu kwamba hawana kitu, nimwandike leo. La sivyo nafasi inakwenda wilaya nyingine."

Nakuam alishika ukingo wa meza. Moyo wake, msaliti yule, ulimwambia: mwache aseme, nani atajua?

"Siwezi," Kulmiye akasema. "Nilidanganya. Yule mama ana mbuzi, na ana watu. Kitu binti yake alinyimwa ni shule ya maana, na walionyima ni sisi, ofisi hii nimekaa ndani yake."

"Basi umempotezea nafasi."

"Hajanipotezea," Nakuam akasema.

"Nani huyo?"

"Opareta wa Isiolo. Gladys Nakuam."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Nimekuunganisha mwenyewe. Ulikuja mpaka hapa na hukuniuliza hata swali moja la historia. Niulize sasa."

Laini ikakwaruza. "Haya. Kwa nini unataka kuisoma?"

"Kwa sababu kwa vitabu vyenu Isiolo ni kizuizi cha polisi kwenye barabara ya kaskazini, na ng'ambo yake hakuna watu. Nina hasira na vitabu hivyo. Nataka kuandika vingine, na siwezi kama sijafundishwa. Si ndiyo kazi ya huo mwaka wenu?"

"Wenzangu nitazungumza nao. Chuo kinafunguliwa mwezi wa tisa," Daktari akasema, na kukata simu.

Nakuam alipogeuka, bosi wake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, amesikia yote. Kazi ikaishia hapo hapo. Nje akamkuta Kulmiye amefika anahema, shati limelowa jasho.

"Nisamehe."

"Si mimi ulinitukana."

Jumapili wakaenda Ngaremara, wao na mama. Kulmiye alisimama mbele ya Lokorio, akasema, "Mzee, nilisema uongo. Mbuzi wa mama wako hapa, nawaona kwa macho yangu." Mzee alitafuna tumbaku yake, akamwacha asimame juani, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa.

Sijui ni kushukuru au ni wazimu, Kulmiye akamgeukia mama papo hapo. "Mama, akimaliza masomo nataka kumwoa Nakuam. Mambo ya dini wazee watakaa chini wazungumze."

Mama alimtazama: viatu vinang'aa, saa mkononi. "Mbuzi wako wako wapi?"

"Mama, sisi kwetu ni watu wa malori..."

"Sijauliza malori. Umeweka kwa rafiki gani?"

"Sina, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama akapiga makofi, akamgeukia Lokorio. "Kumbe maskini ndiye huyu!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kulmiye alitamani ardhi ipasuke immeze. Nakuam alicheka pia, na hasira yake ilikuwa bado nzima, maana alikusudia kwenda nayo chuoni. Akamshika mkono mbele ya wote.

"Mwaka mmoja wa matayarisho," akamwambia, "na miaka mitatu ya digrii. Anza kutafuta mbuzi, mpenzi."