Vishingo wa Mama

Fundi cherehani alikuwa na kuku aliyetagia kwenye kikapu cha vitambaa, chini ya mashine. Mteja akija kupimwa gauni, kuku humtolea macho kama mwenye duka. Kuku wote wa Fundi walikuwa vishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mama yake aliwafuga miaka na miaka. Alipofariki, mabinti zake wawili, Fundi na mdogo wake, waligawana nguo na vyombo, lakini kuku walibaki kwa Fundi, kwa kuwa ndiye mwenye ua mkubwa. Watoto walikula mayai, na mgeni wa heshima alichinjiwa jogoo. Fundi akiwasikia wanaparua asubuhi, alihisi mama bado yumo nyumbani.

Siku moja jogoo hakuwika. Alikuwa amejikunyata pembeni mwa banda, mabawa yameshuka, kinyesi chake kijani. Fundi alimpondea pilipili, akamnywesha kwa nguvu. Jioni jogoo alikuwa amekufa, na tetea wawili wanasinzia.

Fundi akashikwa na woga. Aliwachagua wale waliokuwa bado wazima, akawatia kwenye tenga, akaenda nao mbio kwa mdogo wake, mtaa wa pili.

"Nihifadhie hawa," alisema. "Kwangu wanakufa."

"Waachie hapo na wangu, dada. Si kuku wa mama? Hapa ni kwao."

Wiki haikwisha. Wale wageni walianza kukoroma na kupinda shingo. Kisha kuku wa mdogo wake nao wakaanguka, hadi tetea aliyekuwa amelalia mayai. Hakubaki hata mmoja. Mdogo wake alikuja mlangoni kwa Fundi na tenga tupu.

"Chukua tenga lako. Umeniletea kifo nyumbani."

"Sikujua, mdogo wangu."

"Na mama umemzika mara ya pili."

Akaondoka. Fundi alikaa mbele ya mashine, akalia hata kutunga uzi kukamshinda. Nyuma ya nyumba, kuku wa mwisho walikuwa wamelala chali.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa mchanjaji wa kuku. Watu walimwita Mama Tone, kwa sababu kazi yake ilikuwa kudondosha tone moja la chanjo kwenye jicho la kuku. Alimkuta Fundi akibeba mizoga kwenda jalalani.

"Usitupe huko, jirani. Mbwa wataisambaza mtaa mzima. Tuchimbe shimo refu."

Walichimba, wakafukia. Mwishowe Fundi akauliza, "Nilikosea wapi? Pilipili ilikuwa kidogo?"

"Pilipili haisaidii. Huu ni mdondo, na mdondo hauna dawa. Kuku akishaugua, hata mimi na kichupa changu sina la kufanya."

"Lakini niliowahamisha walikuwa wazima."

"Walionekana wazima. Ugonjwa hukaa ndani siku kadhaa kabla ya kujitokeza. Tenga nalo linaubeba, na viatu pia. Nyumba yenye mdondo haitoi kuku wala haipokei kuku."

"Basi ni mimi niliyewaua."

Mama Tone hakumkatalia. "Kinga ni chanjo, kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa bado wazima. Nilipita kwako. Ukaniambia kuku wa mama yako hawaugui."

Fundi alikumbuka. Tena alikuwa amecheka.

Alifagia banda, akachoma takataka, akapaka kuta chokaa. Banda likakaa tupu miezi kadhaa. Mdogo wake alipita njiani bila salamu. Fundi alikata tamaa. Uzao wa kuku wa mama umekwisha, na undugu umekwenda nao.

Kisha Mama Tone akarudi na habari. Katika kuzunguka kwake kuchanja, alikuwa ameona vishingo kwa fundi viatu, nyuma ya soko. Zamani mama yake Fundi alikosa pesa ya kushonewa viatu, akamlipa kuku, na hao ndio uzao wake.

Fundi alimshonea fundi viatu suruali mbili, akapewa jogoo na tetea, wote wamechanjwa. Tetea akataga, akaatamia, akaangua. Vifaranga nao wakachanjwa. Walipokua, Fundi alichukua mmoja kwenye tenga jipya, akaenda kwa mdogo wake. Hakuvuka kizingiti.

"Ni wa uzao wa mama," alisema. "Kwangu hakuna mgonjwa, Mama Tone amewachanja wote. Hata hivyo mtenge peke yake wiki mbili, ndipo umchanganye na wengine, kama unao."

Mdogo wake alimtazama kuku. Akaigusa ile shingo tupu, machozi yakamlenga. Akampokea.

Fundi aligeuka kwenda zake. Alikuwa amefika njiani aliposikia sauti nyuma yake.

"Huyo Mama Tone atapita kwangu lini, dada?"