Kiti Namba Saba

"Dada, umekalia kiti changu."

Adila akageuka. Stendi ya Bagamoyo ilikuwa inachemka, wauza korosho wanagonga vioo, basi la Tanga linanguruma, na mbele yake amesimama kijana wa kanzu ya rangi ya maziwa, ananukia udi saa moja ya asubuhi.

"Kaka, saba ni yangu. Soma."

"Na hii yangu je? Imeandikwa sabini?"

Tiketi mbili, kiti kimoja. Abiria mwingine angeitukana kampuni. Adila ndiye aliyekuwa fundi kompyuta wa kampuni yenyewe. Ikabidi aungame.

"Seva, zile kompyuta zinazouza tiketi, ziko mbili. Kila sekunde zinaitana: upo? Nipo. Waya ukilegea, kila moja inadhani mwenzake kafa, inashika kazi. Zote zinauza."

"Kwa hiyo zimefiwa zenyewe, matanga tunakaa sisi?"

Jina lake Nawaf, wa duka la vitambaa pale sokoni. Alimwachia kiti, akasimama njia nzima akimtania mpaka Msata, alikoshuka Adila kwenda kumwona baba mkubwa Twalib, aliyemlea. Adila anashuka, namba yake ya simu inaendelea na safari mfukoni mwa kanzu.

Yakawa mapenzi ya simu asubuhi, simu jioni. Na kwa kuwa Adila akila wali mchana hulala kama gogo, Nawaf akaomba: "Habibti, niweke kwenye orodha ya tahadhari. Mtambo ukizimia, ujumbe uje na kwangu, nikuamshe." Wenzake hupewa maua, Nawaf akapewa tahadhari za seva, akafurahi!

Mwezi wa tano Mzee Mwishehe, mwenye mabasi, akachoka na abiria wanaopakatana. "Mwanangu, hamia hiyo programu mpya unayoisema."

Adila akazima simu, akajifungia na kompyuta zake za Linux siku nne. Kumuaga Nawaf? Alisahau. Alipoiwasha akampigia, simu ikaita mpaka ikakata.

"Kaninunia," akasema. "Haya. Kununa na mimi najua."

Alhamisi akapita dirishani kwa Bi Mgeni, muuza tiketi.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Kesho mchana sipo. Kina Nawaf wamenifanya mshenga, tunapeleka posa Msata."

Kalamu ikamdondoka Adila. "Posa? Kwa nani?"

"Mshenga hataji binti mpaka walii wake ajibu. Hujafunzwa?"

Msata! Ghalia, yule wa duka la jumla la kule, ambaye Nawaf haishi kuisifia biriani yake! Adila akaondoka bila kuaga, ndala mguu mmoja, kiatu mguu wa pili.

Ijumaa akamalizia kazi kwa hasira. Programu mpya ilitaka mashine ya tatu, kadogo hivi, isiyouza tiketi. Kazi yake kupiga kura tu: seva mbili zikipoteana, yenyewe iamue ipi ibaki kazini. Kwenye orodha ya tahadhari akakuta namba ya Nawaf. Kidole kikaenda kwenye kufuta. Kikagoma.

Akachomoa waya kujaribu. Seva moja ikazimwa, ya pili ikashika kazi. Kiti namba saba kikauzwa mara moja tu.

Simu ikaita.

"Adila! Mtambo umezimia, umelala?"

"Ni majaribio. Wewe si uko posani?"

"Niko nje garini. Wazee wako ndani."

"Hongera. Nisalimie Ghalia."

"Ghalia? Ghalia ana mume na mapacha!"

"Sasa unamposa nani?"

"Msata nimewahi kumsindikiza nani, Adila, kwa kusimama njia nzima?"

Adila akakaa sakafuni, katikati ya nyaya.

"Siku nne umezima simu," Nawaf akasema. "Nikajua nimeachwa. Ulipopiga nikanuna, mjinga mimi. Mama akasema wawili mkipoteana, tafuteni wa tatu. Nikamwendea Bi Mgeni."

Taa ya ile mashine ndogo ilikuwa inapepesa. Kabla Adila hajafungua kinywa, kule Msata simu ikanyakuliwa na Bi Mgeni, katoka ndani.

"We mtoto! Baba yako mkubwa anataka jibu, chai inapoa. Unamtaka, humtaki?"

"Bi Mgeni! Jana ulinitazama machoni!"

"Ulitaka niwe mshenga au redio? Jibu!"

Adila, msichana asiyewahi kukosa neno, akakosa. Akashika mdomo. Machozi yakamtoka.

"Kanyamaza!" Bi Mgeni akapaza sauti kuelekea ndani. "Binti kanyamaza, karidhia!"

Vigelegele vikapasua simu. Katikati yake, kwa mbali, Nawaf anahangaika: "Alo? Adila? Upo?"

"Nipo."