Nguzo Zilizokua Shambani kwa Gerishon

Kila Ijumaa Selpha hupeleka nduma, yaani magimbi, katika soko la Thika. Shamba lake na mumewe Gerishon liko mbali, juu, karibu na msitu, ambako asubuhi ni baridi sana. Chini ya nyumba yao kuna kinamasi. Nduma huota ukingoni mwake, na ndizo zinazoilisha nyumba hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1996, Gerishon alichimba mtaro akayatoa maji ya kinamasi. Alitaka kupanda kabeji. Akachimbia nguzo za ua, zikapita katika udongo mweusi mpaka kwenye udongo mgumu wa chini. Nguzo zilimfika kiunoni.

Kabeji za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha mwaka 1997 ukaanza na ukame. Gerishon alikata matete yaliyobaki kinamasini, akayachoma papo hapo, kama watu wanavyosafisha shamba. Moto ukazimika. Moshi haukwisha. Uliendelea kutoka ardhini, leo hapa, kesho pale.

Jirani yao Zacharia alisimama njiani, akamwita Gerishon kwa jina la mwanawe.

"Baba Njau, naona nguzo zako zinakua. Unazitilia mbolea gani?"

"Nenda zako, Zacharia."

Lakini Gerishon alipokwenda kusimama kando ya nguzo, ilimfika kifuani.

Selpha alikuwa akitazama nduma zake. Majani yalikuwa ya manjano kwa kukosa maji.

"Baba Njau, Ijumaa nitapeleka nini sokoni? Moshi?"

Kesho yake Gerishon alimwita Madam Kui, afisa wa kilimo.

Kui alichimba mahali palipokuwa bado na unyevu. Akatoa kipande cha tete, akakisafisha kwa kidole.

"Hili limelala hapa chini miaka mingi kabla hujazaliwa," alisema. "Unaona mistari yake?"

"Mbona halijaoza?"

"Maji yalizuia hewa. Baridi ya huku nayo ikasaidia. Matete yakifa huzama, huoza kidogo tu, mengine yanakuja juu yake. Ndiyo udongo huu mweusi. Umejaa kaboni, kitu kilekile kilichomo ndani ya makaa."

"Ndiyo maana unaungua?" Selpha aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ukikauka, unashika moto kama makaa. Hata bila moto, hewa ikiingia udongo unaoza. Joto na ukame vinauharakisha."

Gerishon aligusa nguzo. "Kwa hivyo hizi hazikukua."

"Nguzo ziko palepale. Ardhi ndiyo imeshuka."

"Na udongo umeenda wapi?"

"Mwingine umesinyaa baada ya maji kutoka. Mwingine umekuwa gesi, umeenda hewani. Gesi hiyo ikizidi, dunia inapata joto, na joto likizidi, vinamasi vinakauka zaidi."

"Moshi wangu huu mdogo?"

"Wako, na wa wengine wengi."

Gerishon aligeukia shamba lake. "Na kabeji?"

"Panda mteremkoni. Huku rudisha maji."

Selpha alimtazama mumewe. Gerishon akauliza, "Jembe liko wapi?"

Siku iliyofuata Zacharia alikuja na mapipa ya maji. Walichimbua kila palipotoka moshi, wakamwagia maji mpaka udongo ukawa baridi mkononi. Kisha waliziba mtaro kwa mawe na magunia ya udongo mgumu. Mvua ya Aprili ikajaza kinamasi. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zilipokuja, maji yalisambaa katika matete yaliyoota upya, yakatulia.

Mwaka uliofuata Selpha alirudi sokoni na gunia lake la nduma. Udongo uliopotea haukurudi. Kui alikuwa amewaambia kwamba hata wajukuu wao hawatauona ukirudi. Lakini Gerishon kila mara hupita kwenye ile nguzo aliyojipima nayo, akasimama wima kando yake.

"Baba Njau," Zacharia aliita siku moja kutoka njiani, "imekua?"

Gerishon aliweka kiganja juu ya nguzo. Ilikuwa bado kifuani.

"Imekataa," alisema, akaendelea na kazi.