Aliyejibu Usaili kwa Mhindi

Haya yalimpata Shija, graduate mwenzangu, mwaka wa nne huu anazurura na degree yake ya kilimo, kwa hiyo msije kuniambia ni imani za wasiosoma.

Mzee Ramadhani, mwenye ghala la ufuta Ruangwa, alimwita kwenye usaili mchana kweupe, kwenye mgahawa wa Mhindi pale Nachingwea. Huyo mwenye mgahawa ni Mpakistani, ila amechoka kusahihisha watu. Wakakaa chumba cha ndani kisicho na dirisha, biriani ikaletwa.

"Kanawe kwanza, kijana. Kazi tutaiongea tukila."

Shija akaenda kwenye sinki la pembeni. Ile anafungua bomba tu, umeme ukakatika, as usual. Feni ikazunguka kivivu mpaka ikanyamaza. Katika giza lile akasikia kiti chake kikivutwa, mtu akikaa, kisha mfupa ukivunjwa kwa meno.

"Jumatatu utaweza kuanza?" mzee akauliza.

"Nashukuru mzee, ila mpe mwingine," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Shija mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kifupi.

Shija akataka kupaza sauti kwamba kazi anaitaka, akakuta sauti hana.

"Haya, umeamua mwenyewe," mzee akasema. "Lete mkono tuagane."

Umeme ukarudi. Mzee alikuwa amesimama, ameunyoosha mkono juu ya kiti kitupu, na vidole vyake vilikuwa vimebonyea, vimebanwa na kitu ambacho kilikuwa bado hakijamwachia.