Ngozi ya Dubu Mweupe

Haya yalimfika rafiki yangu Ziada wa Makote, miaka ile mitumba iliporuhusiwa. Katika robota alilolinunua Masasi alikuta ngozi ya dubu mweupe wa nchi za barafu, kucha zake zote zipo. Mwanawe Somoe alilia kwa hofu, basi Ziada akaitundika katika banda la mbuzi lisilo na dirisha, akafunga kufuli.

Adhuhuri akasikia mbuzi wakipiga kelele, kisha mifupa ikivunjwa, kisha pumzi nzito gizani.

“Mama Somoe, usifungue!” jirani yake Dorika alimsihi.

Akafungua. Mbuzi wote walikuwa wameraruliwa matumbo. Ngozi ilining'inia palepale, kavu. Ziada aliinama akagusa damu. Nje jua lilikuwa la utosi, lakini damu ile ilikuwa barafu tupu, na vidole vyake vikanasa.